Ngozi ya Bosibori

Wiki tatu baada ya kumzika bintiye, Ruth alifungua sanduku la nguo za marehemu akakuta karatasi iliyokunjwa mara nne. Ruth, mchuma chai wa Itumbe, aliishia darasa la saba. Aliisoma polepole, akairudia.

Bintiye, Bosibori, alikuwa ametia sahihi kwamba ngozi iliyokatwa siku alipopunguzwa matiti, yaliyomtesa mgongo tangu usichana, isitupwe. Ipelekwe maabara, ikuzwe, itumiwe kujaribia viungo vya mafuta ya kujipaka.

Ruth hakushangaa sana. Bosibori aliuza mafuta kama hayo sokoni Marani, na mwaka mmoja mteja wake, Millicent, alirudi na uso ulioungua kwa krimu ya kung'arisha aliyomuuzia. Tangu siku hiyo Bosibori hakuuza krimu mpya kabla ya kuijaribu kwanza kwenye mkono wake mwenyewe. Kidonda cha upasuaji kilipona vizuri. Miezi minane baadaye homa ya mapafu ikamchukua kwa siku tano.

Anyona, mumewe Ruth, aliposomewa karatasi aliipokea, akaikunja tena mara nne. Kisha akasema, "Kama inakuzwa, basi iko hai."

Neno hilo lilimchoma Ruth kama mwiba. Alhamisi akavaa gauni la kanisani, akaenda Kisii mjini, kwenye maabara iliyotajwa katika karatasi.

Pale maabara alipokewa na Odero, mtafiti kutoka upande wa ziwani. Alimpa kiti, akasikiliza mpaka mwisho, akampa pole.

"Nimekuja kuiona," Ruth alisema.

Odero alikwenda kwenye kabati la joto, akarudi na kisahani. Ndani mlikuwa na vijiduara vyeupe, kila kimoja sawa na kifungo cha shati, vimekalia maji yenye rangi ya waridi.

"Ndiyo hii?"

"Hapana, mama. Hii ni ya mtu mwingine. Ya Bosibori ilikuwa hivi hivi. Chembe zake huzaana kwa muda tu, halafu huchoka. Tuliitumia yote. Ya mwisho ilikuwa mwezi wa tatu."

Mwezi wa tatu Bosibori alikuwa bado anauza sokoni. Ruth alikitazama kisahani cha mtu asiyemjua.

"Iliwasaidia?"

"Sana. Kuna kiungo cha krimu kilitoka kiwandani, kila mtu alidhani ni salama. Kiliichoma ngozi yake. Tukakikataa."

"Iliungua?"

"Iliungua badala ya uso wa mtu, mama."

"Ilisikia uchungu?"

"Hapana. Haina mishipa ya kusikia uchungu."

Ruth aliitikia kwa kichwa, lakini machozi yalikuwa yameshaanza. Siku ya mazishi hakulia. Watu walimsifu kwa ujasiri wake. Sasa alilia mbele ya mtu mgeni, kwa sauti, hadi wasichana wa chumba cha pili wakaacha kazi yao. Odero hakumwambia anyamaze. Alivuta kiti, akaketi karibu naye.

Jioni Ruth alimkuta Anyona akimngoja njia panda, amenyoa ndevu, amevaa koti lake la Sabato.

"Umemwona?"

Njiani Ruth alikuwa amepanga maneno ya kumpoza. Yote yalimpotea.

"Imeisha, Baba Bosibori. Iliisha akiwa bado hai."

Anyona alitazama majani ya chai upande wa pili wa barabara. Akafungua vifungo vya koti, akalivua, akalikunja taratibu juu ya mkono.

"Haya," alisema. "Twende nyumbani."