Bwana yangu alinunua apareyi ya zahabu, mimi nikakuwa mulinzi wake

Ba-admin, mufiche jina yangu na ya bwana yangu, juu huku Nchelenge, upande wa Zambia, tunajuana wote. Mimi ni mwanamuke wa miaka makumi tatu na tatu. Nilizaliwa Pweto, kule Kongo, tukakimbia vita, na sasa tunaikala karibu na ziwa na mutoto wetu wa kike, nitamuita Gloire. Bwana yangu ni mupiga foto wa mandoa na ubatizo. Mimi nilikuwa nafanya biashara ya chisense, zile samaki ndogo za kukausha. Nilikuwa navuka na boti mpaka kisiwa cha Chisenga, nanunua kwa bavuvi, nalala kwa mama yangu, kisha narudi na mizigo. Mama alikuwa anaikala kule na ndugu yangu mudogo.

Mwaka uliopita bwana yangu alienda Lubumbashi kununua apareyi ya foto ya zamani, ile ya kutumia filme, juu vijana ya Lusaka banaanza kuipenda tena. Sikukataa, ni kazi yake. Muuzaji alimuonyesha mbili za namna moja. Moja ilikuwa nyeusi, bei ya kawaida. Ya pili ilipakwa zahabu, na pale pa kushikia balivalisha ngozi ya mujusi. Bei yake ilikuwa mbali sana na ya kwanza. Akachukua ile ya zahabu. Pesa tulikuwa tunaweka ya kununua malata, yale mabati ya kuezeka nyumba, ikaisha yote, na apareyi yake ya kazi akaiuzisha. Leo akipata kazi ya ndoa, anaazima ya rafiki yake.

Nilimuuliza polepole, "Papa Gloire, hii inapiga foto nzuri kupita ile nyeusi?"

Akanijibu bila kukasirika, "Hapana. Ndani ni sawasawa. Lakini za hivi balitengeneza kidogo tu. Kila mwaka bei itapanda."

Hajatia filme ndani hata siku moja. Anasema jasho ya mikono inakula zahabu. Iko ndani ya kitambaa, ndani ya sanduku, chini ya kitanda chetu. Shida ni kwamba yeye mwenyewe alionyesha barafiki, barafiki bakasema sokoni, na sasa kila mutu anajua nyumba yetu ya nyasi iko na zahabu. Kwa hiyo akaweka sheria: nyumba haiwezi kubaki bila mutu. Na yule mutu ni mimi. Biashara yangu ikakufa. Ku kanisa tunaenda kwa zamu. Nikienda kisimani, nasikia moyo unapiga mpaka nirudi niguse sanduku.

Kisha mama akagonjwa. Ndugu yangu alinipigia telefone, akasema mama anauliza juu yangu kila asubui. Bwana yangu alikuwa upande wa Mwansabombwe kwa ndoa ya batu fulani. Nikamuomba ruhusa ku telefone. Akasema nimungoje. Nikamuambia nitaenda na apareyi, nitaipakata kama mutoto. Akasema unyevu wa ziwa utaharibu rangi. Nikataja jirani. Akasema hamuamini.

Ndugu yangu akapiga tena. Aliniambia tu, "Dada, kuja."

Nikangoja. Nasema ukweli, hakuna mutu alinifunga kamba. Mulango ulikuwa wazi, boti zilikuwa zinatoka, nami nikaikala juu ya kitanda na ile sanduku chini yangu. Bwana yangu aliporudi, nikatoka bila kula. Nilipofika Chisenga, niliona bamama bamekwisha kuikala chini kwa matanga. Ndugu yangu hakunigombeza. Alinipa nafasi pa mukeka, basi.

Kisha matanga, mutu mumoja alikuja kutoka Lusaka, muzee mwenye adabu, anakusanya maapareyi ya zamani. Mungu anisamehe, niliomba aseme ni ya uongo. Ningepata neno ya kusema. Alivaa gloves, akaigeuza kwa mwangaza wa dirisha muda murefu, akasema zahabu ni ya kweli na ngozi ni ya kweli. Akatoa bei kubwa kupita ile tulilipa. Bwana yangu akacheka, akakataa, akasema bado itapanda. Kisha akaniangalia mbele ya mugeni. "Mama Gloire, umesikia? Bado unasema nilitupa pesa?"

Kama ingekuwa ya uongo, hata batu ya familia yake bangenisikia. Sasa balipopata habari, bote, hata muchungaji wetu, balimusifu kuwa mutu wa akili. Bakinitazama bananiona mwanamuke asiyejua kitu. Na mimi sisemi haina bei. Iko nayo. Lakini ile bei, tangu siku ya kwanza, ninailipa mimi, na hajaona.

Yule muzee, wakati nilimusindikiza kwa barabara, alinipa namba yake. Alisema, "Mama, kama bwana atabadilisha roho, munipigie." Niliiandika ndani ya telefone kwa jina ya mwanamuke.

Wiki hii bwana yangu alileta fundi wa kuchomelea. Alipima madirisha yote mbili na mulango, batie vyuma. Bwana yangu alikuwa na furaha, aliniambia sasa nitalala bila woga. Gloire alimuuliza fundi kama vyuma ni ya kuzuia wezi basiingie. Fundi akasema ndiyo. Mimi nilikuwa nasimama ndani, upande huu wa dirisha, nikimushikia kamba ya kupimia.

Atarudi kuvitia kisha Siku ya Mungu, ni kusema Jumapili. Kwa wakati huo bwana yangu atakuwa tena safarini. Naweza kumupigia yule muzee, niuzishe, nitie malata, na bwana yangu aniite mwizi maisha yote. Naweza kuchukua Gloire tuvuke kwa ndugu yangu, sanduku ibaki yenyewe. Ao nibaki.

Ninyi ba ndoa ya miaka mingi, na ninyi bale muliotoka ndani ya ndoa, musinicheke. Muniambie kabla fundi hajarudi: nifanye namna gani?