Weusi wa Alumini

Mtaani kwetu Taiping tulimhesabu Zabidi kuwa mtu wa majivuno, nasi tulikosea. Kila alasiri ya Ramadhani ile, mara baada ya swala ya Asri, aliketi kwenye kigoda ubavuni mwa gari la marehemu baba yake na kusugua rimu za alumini kwa mkono. Sisi wengine, wenye shahada na mazoea ya kuwahukumu watu upesi, tulisema kwamba mtu wa miaka hamsini na minne asiye na safari hana sababu ya kupamba gari ila kutaka kutazamwa. Kweli alitaka kutazamwa, lakini na mtu mmoja tu, naye hakuwa mmoja wetu.

Alikuwa ni mdogo wake, Khusairi. Rimu zile alizinunua yeye, miaka sita iliyopita, alipopata kazi katika kiwanda cha meli kule Johor, kusini kabisa mwa nchi. Alizileta zikiwa zinang'aa kama kioo, akazifunga mwenyewe kwenye gari la baba yao. Mzee hakumaliza mwaka. Siku ya khitma, watu wakiwa na sahani mikononi, Zabidi, ambaye yeye na mkewe Kalsom ndio waliomwuguza mzee hadi mwisho, alisema kwa sauti iliyotoka kubwa kuliko alivyokusudia: "Wewe ulimpa Baba magurudumu. Sisi ndio tuliompa maji ya kunywa."

Khusairi aliweka sahani chini, akaondoka. Idi tano zikapita bila yeye. Mvua ya Taiping, isiyojua likizo, ikazifubaza rimu na kuziotesha madoa meupe.

Sasa Khusairi alikuwa amemtumia Kalsom ujumbe: Idi hii angekuja, na mkewe Maslinda, na binti yao wa miaka minne.

Asubuhi ya Idi mdogo humwendea mkubwa, humshika mkono, huubusu, huomba asamehewe ya dhahiri na ya moyoni. Mkubwa hupokea. Lakini hakuna aliyewahi kumfundisha Zabidi jinsi mkubwa anavyomwomba radhi mdogo wake, na katika umri wake wote hakuwa ameona jambo hilo likifanyika. Ndiyo maana alinunua msasa.

Aliondoa kwanza ule utando wa juu uliokwisha kubanduka, kisha akasugua kwa msasa na maji, kuanzia wenye makali hadi ule laini kama karatasi ya daftari. Mwisho ikaja dawa ya kung'arishia. Dawa hiyo hutoka kwenye bomba lake ikiwa nyeupe kama dawa ya meno, na ikisuguliwa juu ya alumini hugeuka nyeusi tititi. Kadiri rimu inavyong'aa, ndivyo kitambaa na mkono vinavyozidi kuchafuka.

"Zabidi," aliita Mzee Wagiman, jirani, kutoka ng'ambo ya uzio, "ukizidi kusugua hivyo utatokea upande wa pili."

"Nikitokea nitakusalimia, Mzee."

"Usinisalimie kwa mikono hiyo. Nimefunga mimi, sitaki kufuturu grisi."

"Mwambie, Mzee," Kalsom alidakia kutoka jikoni. "Glavu nimemnunulia, kazitunza kama nguo za harusi."

"Ukivaa glavu huhisi kitu," Zabidi alijibu bila kuinua kichwa. "Mkwaruzo kidole kinaujua kabla ya jicho."

"Haya," Kalsom alisema. "Basi siku ya Idi utakula wali wa ketupat kwa kidole hichohicho."

Siku ya mwisho ya mfungo rimu zote nne zilikuwa tayari. Zabidi alilifunika gari kwa turubai ili mvua isizitie madoa tena. Alikuwa amepanga kila kitu kichwani: Khusairi angembusu mkono, kisha wangetoka pamoja, naye angelivuta turubai, na rimu zingesema yale ambayo ulimi wake haukuwahi kusema.

Kisha akaenda kunawa. Alijaribu sabuni, akajaribu ndimu, akajaribu mafuta ya taa. Viganja vilitakata kiasi, lakini weusi ulikuwa umeingia kwenye nyufa za ngozi na pembezoni mwa kucha, na haukutoka.

Asubuhi, msikitini, alitoka kwa mlango wa pembeni ili asipeane mikono na watu. Alipoketi kwenye kiti cha baba yake sebuleni, aliikumbuka mikono ya mzee siku kama ile, ilivyokuwa safi na kunukia marashi. Khusairi aliingia. Mvi zilikuwa zimeanza kumwota. Alipiga magoti mbele ya kaka yake na kunyoosha mikono yote miwili.

"Kaka, nisamehe. Ya dhahiri na ya moyoni."

Zabidi aliitazama mikono yake mwenyewe. Baada ya miaka mitano, amkabidhi mdogo wake mikono ya fundi gereji aibusu? Aliiingiza ndani ya mikono ya kanzu yake fupi ya Idi.

"Basi, basi. Inatosha. Nendeni mkale, chakula kinapoa."

Kalsom alisimama na bakuli la nyama ya rendang, hakulitua. Mikono ya Khusairi ilibaki hewani kwa muda, kisha akajipangusa nayo uso, kama mtu aliyemaliza dua.

Walikula.

"Rendang nzuri, Shemeji."

"Sasa mbona huongezi?"

"Nimeshiba." Alikuwa amekula vijiko viwili.

Zabidi aliona kwamba kitu kimeharibika, lakini bado alitumaini gari lingekitengeneza. Alitoka nje peke yake, akainua turubai upande mmoja na kuipangusa rimu ya mbele kwa kitambaa chake cha siku zote. Yule binti, Insyirah, alimfuata akiwa na gauni la rangi ya ndizi mbivu.

"Gari la nani hili?"

"La babu yako."

"Mbona limevaa nguo?"

"Lilikuwa linakusubiri wewe." Alichuchumaa, akamshika mgongoni na kumsogeza karibu. "Tazama humo. Unamwona nani?"

"Mtu mwenye kichwa kikubwa."

"Ni wewe huyo."

"Si mimi," mtoto alisema baada ya kufikiri. "Ni wewe."

Zabidi alicheka, kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Insyirah." Khusairi alikuwa mlangoni, mfuko begani. "Tunaondoka."

Zabidi alisimama haraka. "Mapema hivi?"

"Safari ndefu, Kaka. Na foleni unaijua."

Njoo uone. Alihitaji maneno hayo mawili tu, na alikuwa nayo mdomoni. Lakini alikuwa amesimama mbele ya gurudumu, kanzu na saruni vikiiziba rimu yote, mikono ameificha nyuma, na kwa sura hiyo hata mgeni angeona mtu asiyetaka kuagana. Khusairi aliinamisha kichwa kidogo, akamchukua mtoto, akaenda kwenye gari lake barabarani.

Walipokwisha kupotea, Kalsom alisema, "Ulimnyima mkono."

"Ulikuwa mweusi."

"Ungempa mweusi."

"Nilitaka aone kwanza rimu."

"Yeye hakuja kuona rimu, Zabidi."

Kalsom alimwambia apige simu, naye hakupiga. Angesema nini? Kwamba alikataa kumsamehe ndugu yake kwa sababu ya grisi? Hata masikioni mwake mwenyewe ilisikika kama kisingizio cha mtu mwongo. Alilifunika gari tena, na hatukumwona kwenye kigoda chake hadi mwezi wa Shawwal ukaisha.

Ni karibu na Idi ya Kuchinja ndipo Maslinda alipompigia Kalsom kumuuliza hali, na katika mazungumzo akamsimulia jambo kana kwamba wao walikwisha kulijua. Siku ile waliposimama njiani kupumzika, aliona alama tano nyeusi za vidole mgongoni mwa gauni la Insyirah, akataka kuziloweka kabla hazijakauka. Khusairi alimnyang'anya gauni. Kule kiwandani kazi yake ni kung'arisha alumini, na weusi ule hurudi nao nyumbani mikononi kila jioni; aliutambua mara moja. Alilishika mapajani, gari likiwa limezimwa, hadi mtoto akalala. Limetundikwa nyuma ya mlango wao, Maslinda alisema, na hadi leo hamruhusu mtu kulifua.