Mkono wa Mzee Nzioka

Mkasa huu siusimulii mzee Nzioka akiwa karibu, kwa sababu huinua tu mkono wake na watu huanza kunitazama kabla sijafika katikati, lakini leo hayupo, basi sikieni aibu yangu.

Miaka ile ya thelathini na kitu, mto wetu kule Migwani ukiwa mchanga mtupu karibu mwaka mzima, koo mbili tuliungana kwa mwethya (ile kazi yetu ya pamoja ambayo hakuna anayelipwa, lakini asiyefika hasahauliwi) tuzibe korongo linaloshuka kutoka mlimani, tupate bwawa. Wenzetu walipewa ukuta wa udongo. Sisi tulipewa mkondo wa pembeni, njia ya kupitisha maji yakizidi ili yasipande juu ya ukuta, na njia yenyewe ilikuwa mwamba. Mnyapara wetu, Kilonzo, mrefu kama nguzo, akasema, "Kina chake mikono minne."

Hakusema mkono wa nani. Mimi nilikuwa muuza vitambaa, na kitambaa tulipima kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, kwa hiyo mambo ya mikono niliyajua.

"Kilonzo ndugu yangu, anayechimba si ndiye anayepima?"

"Pimeni na mkono wowote, bora mchimbe," akajibu, amechoka na mimi.

Nikamleta mzee Nzioka, ambaye mkono wake, Mungu anisamehe, haukufika hata katikati ya mgongo wake mwenyewe. Na badala ya kuanzia kipimo kwenye usawa wa ardhi nikaanzia juu ya kifusi tulichorundika ukingoni. Nilihesabu mara mbili, kama kawaida yangu, na mara zote mbili ilitimia minne. Tukamaliza siku sita kabla ya wenzetu, tukakaa kivulini tukiwaita siafu.

Mvua iliponyesha mlimani watu wote walikuja kuona maji, hata wakwe zangu kutoka Kanyangi, na kwa kuwa nina mdomo nikachaguliwa kusema maneno. Nikapanda katikati ya ukuta. Nilikuwa nimefika kwenye sifa za ukoo wetu nilipohisi miguu imelowa, nikadhani ni manyunyu.

"Shuka! Wewe, shuka!" Kilonzo akapiga kelele.

Nikaona ni wivu, nikaongeza sauti. Ndipo ukuta ukakatika chini yangu. Maji yalinichukua, yakanivua kila kitu, yakanitupa mchangani mbele ya mama mkwe, ambaye kwa desturi yetu hata uso wangu hapaswi kuutazama. Akajifunika kanga kichwani. Hakuna aliyecheka. Watu walisimama wakisikiliza maji yao yakienda zao.

Kilonzo akashuka mkondoni, akapima kwa mkono wake. Haukufika hata mara tatu.

"Nani alipima hapa?"

Mimi mwenye mdomo nikajishughulisha kutafuta majani ya kujifunika. Mzee Nzioka akainua mkono wake mfupi. "Walipima na huu," akasema. "Na mimi nilifurahi, kwa sababu hakuna aliyewahi kuuhitaji."

Kiangazi kile Kilonzo alipoteza ng'ombe watano. Mimi wanne, nao niliwahesabu mara mbili. Mke wangu Nduku alitoka jogoo la kwanza kufuata maji, akarudi jua likiwa utosini, na kibuyu akakiweka chini mbele yangu. Afadhali angetukana.

Mwaka uliofuata tulijenga upya. Nikaomba mwamba wote nipewe mimi, na Kilonzo akalaza mkono wake mrefu mara nne, akaweka alama.

"Ongeza wa tano," nikamwambia.

Akanitazama, akitafuta ujanja uko wapi. "Minne inatosha."

"Ongeza, ndugu yangu. Tafadhali."

Akaongeza. Kitambaa nitapatana bei, mbuzi nitapatana, lakini na maji sipatani tena: hayabishi, hayakasiriki, hukubali kila unachosema na kungoja mvua.