Pijo ya Rangi ya Korosho

Yeremia wa Kitangari aliendesha magari ya watu kwa miaka thelathini na moja, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kumiliki hata baiskeli yenye kengele. Aliendesha lori la ushirika, akaendesha Landrova ya misheni, akamalizia na basi dogo la kwenda Tandahimba ambalo mlango wake ulifungwa kwa kipande cha mpira. Alipostaafu alibaki na mikorosho yake, mke wake Bibiana, na aibu moja ya zamani ambayo hakuna aliyemsaidia kuibeba, kwa kuwa hakuna aliyejua kwamba anayo.

Aibu yenyewe ni hii. Siku ya harusi yao, mwezi wa kumi, miaka arobaini iliyopita, pikapu iliyokodiwa kumpeleka bibi harusi kanisani Newala haikutokea. Ilisubiriwa, ikatukanwa, haikutokea. Mwisho likasimamishwa lori lililokuwa limejaa magunia ya korosho. Bibiana akapandishwa juu ya magunia pamoja na shela lake na mashangazi wanne, na Yeremia akaingia mbele kwa dereva, akajikunyata kama mtu anayepelekwa polisi. Njia nzima alitazama mbele. Alijiapiza kwamba iko siku atampeleka mke wake kanisani kwa gari la maana, na hata udereva aliusomea kwa ajili hiyo tu.

Sasa miaka arobaini ya ndoa ilikuwa inakaribia. Padre ameshatangaza misa ya shukrani, kamati ya jubilei imeshaundwa na kugombana mara mbili, na Yeremia akapata habari za Pijo 404 ya zamani iliyolala nyuma ya nyumba ya mjane mmoja huko Nanganga. Aliikuta juu ya mawe, injini nzima, kutu ya kumwaga, na kuku mmoja mwekundu anayetaga kwenye kiti cha nyuma. Mjane alikubali kuuza gari. Kuku hakukubali kutoka. Walimtoa mara tatu akarudi mara tatu, hadi mjane akasema, basi, nenda naye, na mimi nimemchoka. Pijo ikavutwa hadi gereji ya Shamte pale Masasi, kuku amekaa nyuma kama mheshimiwa, na kando ya barabara wapo waliompungia mkono.

Shamte alikuwa fundi wa rangi, kijana wa familia ya wafanyabiashara wa Masasi, na kazini alivaa koti jeupe la daktari.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, fundi."

Alilizunguka gari, akaligonga hapa na pale kwa kidole, akashusha pumzi kama anayetoa majibu mabaya. "Atapona. Lakini kabla sijashika msasa, niambie rangi. Na hizi bampa, unataka kromu inayong'aa kama kioo, kromu iliyofifishwa, au nipake nyeusi tu?"

Kwenye bampa Yeremia hakusitasita. Zing'ae kama kioo, Bibiana ajione. Rangi ndiyo ilimshinda. Alitaka gari liwe la kumshtukiza mkewe, lakini alijua pia kwamba mwanaume akimchagulia mwanamke rangi, atakumbushwa mpaka kaburini. Akarudi Kitangari amuulize kijanja.

Bibiana alikuwa nyuma ya jiko anatwanga makopa ya mihogo na jirani yake Hamida, michi miwili kwenye kinu kimoja, twi, twi, twi. Yeremia akasimama mbali kidogo, akajifanya anaangalia banda la mbuzi.

"Mama Winfrida! Siku ya jubilei unataka rangi gani?"

Twi, twi. "Unasemaje?"

"Rangi gani! Kwa kwenda kanisani!"

"Ya korosho!" Bibiana alipaza sauti bila kuacha kutwanga, uso umemchanua kama msichana. "Ya korosho, Baba Winfrida! Utaiweza?"

"Nitaiweza," alisema Yeremia, akaondoka haraka asije akaulizwa zaidi. Tabasamu kama lile hakuwa ameliona tangu mtoto wao wa kwanza alipoota jino. Tangu siku hiyo kila alipoaga kwenda Masasi alisema, "Naenda kushughulikia lile jambo lako la korosho," naye Bibiana alimfungia mihogo ya kuchemsha ya njiani, akicheka peke yake.

"Rangi ya korosho," Yeremia alimwambia Shamte, kwa sauti ya mtu aliyemaliza kazi.

"Korosho ipi?"

Sasa hapo ndipo dunia ilipoanza kuharibika. Ukimwambia mtu wa mbali korosho, atafikiria ile punje nyeupe ya kwenye pakiti, atafute na chai. Lakini Yeremia alikuwa Mmakonde wa kuzaliwa chini ya mkorosho, na Shamte alisomeshwa kwa ada iliyotoka kwenye mkorosho, na wote wawili walijua kwamba korosho ina rangi sita kabla hujaibangua vizuri. Ipo ghafi, rangi ya majivu. Ipo iliyochomwa, nyeusi tii. Ipo yenye ngozi yake ya ndani, nyekundu ya kahawia. Ipo punje yenyewe, rangi ya maziwa yaliyokaa. Halafu lipo bibo, lile tunda linaloshika korosho, ambalo nalo ni jekundu au la njano kutegemea mti ulivyoamka.

"Bibo si korosho," alisema Yeremia.

"Korosho inaning'inia wapi? Kwenye bibo. Mama hakusema imetengwa."

Wakakubaliana, nyeusi waiache, Shamte apake majaribio. Mlango mmoja akaupaka majivu, wa pili kahawia, wa tatu maziwa, wa nne njano, na boneti, kwa kuwa rangi nyekundu ilibaki, ikawa bibo la Kitangari. Pijo ikasimama nje ya gereji inafanana na khanga iliyoshonwa kwa viraka, na Masasi nzima ikaja kutoa maoni. Mashabiki wa Simba walipiga boneti makofi. Mashabiki wa Yanga walisimama upande wa mlango wa njano, wakauliza kijani kinaongezwa lini. Mama mmoja mjamzito alipoona mlango mweupe aliuliza kama hilo gari la wagonjwa linafika hadi kwao. Mlango wa majivu haukupata mtu kabisa.

Yeremia akaona hapa panahitaji mtaalamu, akamwita Cuthbert. Huyu ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya jubilei na mtu pekee wa Kitangari aliyepewa siri ya Pijo, na kabla ya kustaafu alipanga madaraja ya korosho ghalani kwa miaka ishirini. Alikuja na miwani yake, kisu chake, na mfuko wa korosho za kulinganishia. Alizimwaga juu ya boneti. Akapasua moja, akaitazama juani, akainama kwenye mlango mweupe karibu kuulamba.

"Huu wa maziwa, daraja la kwanza," alisema. "Huu wa kahawia, daraja la pili. Umenyeshewa."

"Haujanyeshewa," alisema Shamte. "Hii ni rangi ya mafuta."

"Una unyevu. Anika siku tatu."

"Mzee wangu, mlango wa gari hauanikwi!"

"Kwa kichwa kigumu namna hii ndiyo maana korosho za watu wa Masasi zinarudishwa." Cuthbert akavua miwani. "Siku tatu. Nitarudi kupima."

Shamte alikasirika mpaka koti likamvuka bega. Lakini Cuthbert alipokwisha kuondoka aliung'oa mlango, akaulaza kwenye mkeka juani, na jioni akauingiza ndani usije ukapigwa na umande. Siku ya tatu Cuthbert alirudi, akaugonga kwa kucha, akasema sasa umepanda daraja. Hata hivyo yeye angechagua maziwa. Yeremia, ambaye kwa wiki nzima alikuwa akiota milango, akasema maziwa, basi, maziwa, funga mjadala.

Bampa zilipelekwa Dar es Salaam kuchovywa kromu, na zilirudi kwa basi zimeviringishwa mkekani, ndefu, zimefungwa kamba sehemu tatu. Ziliposhushwa stendi ya Masasi wanaume walivua kofia. Wanawake wawili wakaanza kulia, na mmoja akamshika Yeremia mkono, akamwambia, pole baba, alikuwa nani wako? Yeremia akajibu ni bampa. Yule mama akasema Mungu ailaze mahali pema, akaendelea kulia.

Na kweli ziling'aa. Shamte alizitundika ukutani siku moja tu, zikageuka kinyozi. Mwanaume mmoja alikuja na wembe, wanawake walikuja kufunga vilemba, na kuku mwekundu alijiona akapigana na nafsi yake kuanzia asubuhi hadi adhuhuri, akashindwa. Ikabidi zifungwe kwenye gari haraka.

Siku moja kabla ya jubilei, mchana, Yeremia aliiwasha Pijo yake. Ilikuwa laini, rangi ya maziwa yaliyokaa, bampa mbele na bampa nyuma, na Shamte akapanda pembeni yake, maana alisema kazi yake hawezi kuiacha iende peke yake ugenini. Kuku alikuwa kwenye kiti chake. Lami ilipokwisha na barabara ya vumbi ikaanza kupanda kuelekea Newala, malori ya korosho yakawa yanawapita moja baada ya jingine. Yeremia alisimama kufuta mara mbili. Mara ya tatu Shamte alimwambia, mzee, twende tu. Walipofika Kitangari, gari na kuku walikuwa wa rangi moja.

Bibiana alitoka nje anajifuta mikono kwenye khanga.

"Hii gari ya nani?"

"Yako," alisema Yeremia. "Ya kukupeleka kanisani kesho. Rangi ya korosho, kama ulivyotaka. Ngoja uone." Akachomoa shati, akafuta mlango kwa pindo lake, pakatokea duara jeupe la ukubwa wa sahani.

"Mimi nilitaka rangi?"

"Nilikuuliza rangi gani. Ukasema ya korosho."

"Uliniuliza gari gani."

"Rangi."

"Gari, Baba Winfrida! Hamida si alikuwepo? Gari gani, kwa kwenda kanisani. Nikakwambia ya korosho. Ukasema utaiweza. Miezi minne unaniambia unalishughulikia, nikajua unahangaika na watu wa malori huko Masasi, nikakuonea huruma. Nimeongea mwenyewe na Ashraf wa Tandahimba. Fuso lake linakuja kesho saa mbili, na magunia juu."

Kama Bibiana angesema "la korosho", jinsi walimu walivyomchapa fimbo aseme, gari la, siyo gari ya, mambo yangeishia pale pale kinuni. Lakini niambieni, nani anasema gari la akiwa na mchi mkononi?

Yeremia aliketi kwenye bampa. "Lori," alisema. "Mama Winfrida, ile siku nilikuaibisha mbele ya ndugu zako wote. Miaka arobaini nimekaa nayo."

"Ulimwaibisha nani?" Bibiana alimshangaa kweli. "Mimi nilikuwa juu! Naona mikorosho kwa juu, naona watu wanakimbia kutoka mashambani kunitazama, shela linapepea. Maisha yangu yote nimeinama, nimepalilia, nimeokota, nimetwanga. Siku moja tu nimekaa juu. Nilitaka unione. Nilikuwa nagonga paa la kebini kwa mkono. Hukugeuka hata mara moja."

Yeremia aliusikia tena ule mlio wa mkono kwenye bati. Aliukumbuka. Siku ile alidhani ni gunia linaanguka, na alimwomba Mungu lori lianguke lote, waishe. Alikaa pale kwenye kromu yake, shati nje, na kwa mara ya kwanza tangu aoe alijua alichokikosea, nacho hakikuwa lori.

Asubuhi Bibiana alichuchumaa mbele ya bampa akafunga kilemba chake, akasema ni bampa nzuri sana, na kwamba wakisharudi kutoka kanisani itabaki hapo nje, isipelekwe popote. Fuso la Ashraf likaja. Wanawake walimpandisha juu ya magunia kwa vigelegele. Ashraf alimfungulia Yeremia mlango wa mbele, kwa heshima, kama inavyompasa mzee mwenye jubilei. Yeremia akaufunga. Akazunguka nyuma, akashika kamba, na kwa kusukumwa matakoni na mwenyekiti wa kamati akafika juu, suti imepasuka sehemu isiyotajwa kanisani.

Shamte alifuata nyuma na Pijo, ndani amebeba keki na kuku. Vumbi la Fuso lilimshukia lote. Baada ya kona ya kwanza ya barabara haikuonekana rangi wala kromu, na kila walipopita watu waliuliza ile takataka ni ya nani. Uchungu ulimzidi fundi wa watu. Akaanza kupiga honi, akapiga, akapiga, mzee aitazame japo mara moja ile kazi ya miezi minne.

Bibiana alikuwa anaonyesha mikorosho kwa kidole, mmoja mmoja, ameshikilia kilemba. Yeremia alikuwa anamtazama yeye. Honi ilipigwa hadi Newala, naye hakugeuka.