Panya Asiyeweza Kujikuna

Jirani yetu alikuja mchana kuazima moto, akaondoka bila moto. Hapo ndo nilianza kuogopa.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nakaa na bibi kijijini Nkololo kusubiri matokeo, na mimi kusubiri siwezi kabisa. Ulikuwa msimu ule wanunuzi binafsi wameanza kuingia kijijini na mizani zao, kila mmoja na bei yake, basi watu wakaweka pamba ndani wanasikilizia. Yetu ilijaa chumba kizima. Panya wakazaa humo humo. Siku tunashindilia kwenye magunia nikakuta kitoto kimoja kimebaki, nyuzi za pamba zimekizunguka mguu mpaka zimekata nyama. Nadhani pia tulikikanyaga, maana kuanzia kiunoni kwenda nyuma kilikuwa hakina uhai.

Nilimtia kwenye kibuyu kilichopasuka. Bibi akanitazama.

"Shule yote ile, umerudi kufuga mwizi?"

"Bibi, hata kutembea hawezi. Ataiba nini?"

"Mwizi kilema ni mwizi tu."

Panya akawa anajikokota kwa mikono miwili. Akijikojolea analala hapo hapo, mkojo ukamuunguza tumbo, manyoya yakanyonyoka, ukurutu ukapanda mpaka shingoni. Nilimfuta kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi, nikamtandikia kipande cha kanga, pamba sikumtandikia tena. Kilichoniuma zaidi ni sikio. Likimuwasha, alikuwa anainamisha kichwa upande, anafumba macho, anasubiri mguu wa nyuma uje umkune. Mguu hauji. Anasubiri tu. Nikawa namkuna mimi kwa njiti ya kiberiti.

Ila nilikuwa na haraka. Nilitaka apone kesho. Siku moja nilisugua magamba mpaka yakatoa damu, bibi akaninyang'anya.

"Unasugua sufuria? Lete hapa."

Tangu siku hiyo akawa anampaka samli yeye mwenyewe, kwa kidole, amekaa juani mlangoni kwa jiko. Na hivyo ndivyo jirani alivyomkuta: bibi kizee, macho mekundu kwa moshi wa mavi ya ng'ombe wa miaka yote hiyo, amepakata panya asiye na manyoya, anamnong'oneza.

"Mwadila," jirani alisalimia kabla hajaona vizuri.

"Mwadila. Moto upo, chukua."

Jirani hakuinama. Alishika kigae chake cha kubebea moto kifuani, akarudi kinyumenyume mpaka kwenye uzio, akageuka akaenda. Hakukimbia. Ningependa angekimbia.

Bibi akasema polepole, "Ameacha moto."

Tulijua maana yake wote wawili. Josho la kijiji lilikuwa limekauka, dawa ya kupe kila mtu ajinunulie, na ndama wa yule mama jirani walikuwa wanakufa mmoja baada ya mwingine. Upande wetu bibi kizee mwenye macho mekundu haulizwi sana, ni mchawi tu. Tulishasikia ya vijiji vingine. Wanakuja na mapanga.

"Namtupa sasa hivi," nikasema.

"Umtupe wapi? Akikutwa anatambaa kwa mtu, watasema nimemtuma."

"Basi namuua."

"Watasema nimemficha. Tulia, mjukuu wangu."

Nitulie vipi? Kesho yake kisimani nilijaza ndoo, nikasubiri mtu wa kunitwika. Wanawake niliowazoea wote wakawa wanaangalia maji. Nilijitwika mwenyewe, nusu yakanimwagikia mgongoni, nikarudi meno yanagongana na jua linawaka.

Jioni hiyo, jua bado liko juu, akaja mume wa jirani na kamanda wa sungusungu. Kamanda upinde begani. Hawakukaa kwenye vigoda.

"Bibi," alisema kamanda, "tumeambiwa una mnyama."

Bibi alifungua mdomo, mimi nikawahi. "Ni wa kwangu! Nimemtoa kwenye pamba mimi!" Nikaingia ndani, nikamtoa na kanga yake, nikamweka chini mbele ya viatu vya matairi vya kamanda.

Panya akajikokota kidogo. Kisha, sijui ni jua, sikio likamuwasha. Akainamisha kichwa. Akafumba macho. Akasubiri.

"Anafanya nini?" kamanda aliuliza.

"Anataka kujikuna, baba. Mguu wake umekufa."

Nikatoa njiti nikamkuna. Akajinyoosha kama ndama anayelambwa. Kamanda akachuchumaa, akatazama yale magamba, akauliza tunampaka nini. Bibi akamwambia samli. Akacheka kwa pua.

"Uchawi wenyewe una ukurutu! Huyu akitumwa atafika lini?"

Mume wa jirani hakucheka. Alisema tu, "Ndama wangu hawakufa kwa kucheka."

Kamanda akainuka. "Akae nje, kila apitaye amwone. Asifichwe tena." Wakaondoka.

Nilimning'iniza kwenye tenga, chini ya paa la jiko, upande wa njia. Watoto walisimama kumwona. Lakini kwa jirani moshi ulipanda kila siku, na hakuja kuazima moto. Viberiti dukani siku hizo vilikuwa tele, si kama zamani. Kwa hiyo sikuweza kujua: ameghairi, au ananunua kiberiti tu, na mumewe ananoa panga?

"Subiri," bibi aliniambia. "Moto haupelekwi, unaombwa."

Nilishindwa. Mchana mmoja niliokota kaa kubwa, nikaliweka kwenye kigae, nikavuka uzio. Kigae kilikuwa chembamba, vidole viliungua, na sikuthubutu kukiweka chini. Jirani alikuwa anapepeta mtama. Aliniona akaacha.

"Bibi anakusalimia," nikasema. Nilidanganya.

"Kiberiti ninacho."

Nikabaki nimesimama. Machozi yalikuwa yananitoka, ya kuungua au ya woga, sijui. Akaangalia vidole vyangu, akaangalia kwetu, kwenye tenga.

"Weka hapo," alisema. Hakukipokea mkononi.

Nilipofika kwenye uzio nikageuka. Alikuwa ameinama jikoni kwake, anapuliza kaa letu.

Bibi hakuniuliza nilikuwa wapi. Alivitazama vidole vyangu, akachota samli kwenye kile kibakuli cha panya, akanipaka. Tengani panya alikuwa ameinamisha kichwa, anasubiri, nikamkuna kwa mkono ule mzima.