Salamu ya Mama na Kipimo cha Damu

Sisi Waha tukisalimiana, mgeni hudhani tunagombea urithi. Unasema "Mwakeye", unapiga makofi taratibu, unaulizia usingizi, watoto, wagonjwa, shamba, hata mbuzi, nawe unajibiwa kimoja kimoja. Mama alikuwa bingwa. Kila asubuhi hapa kwetu Katubuka, kabla ya kushuka ziwani Katonga kununua dagaa, alisimama uani akasalimiana na jirani yetu, bibi mmoja mjane, mpaka chai yangu ikapoa.

Kisha sauti yake ikaanza kuishia njiani. "Mwakeye" ilitoka nzima, akifika kwenye watoto anasemea puani, akifika kwenye wagonjwa sauti imekwisha. Kope nazo zilimshuka. Jirani akanuna.

"Siku hizi mama yako ananisalimia nusu nusu, na macho ya usingizi," aliniambia. "Nimemkosea nini?"

Kwetu kukatisha salamu ni kutangaza ugomvi. Akaacha kuja uani.

Daktari wetu, kijana kutoka Tanga, alimwambia Mama ahesabu kwa sauti, akamsikiliza anavyofifia. Akamtoa damu, ikapelekwa Dar es Salaam. Majibu yalisema kingamwili, wale askari wa mwili, walikuwa wanaishambulia misuli yake mwenyewe. Daktari akaeleza kwamba askari wa namna hiyo pengine wamefundwa vibaya na tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua. Picha ilipopigwa, uvimbe ulikuwa papo hapo kwenye tezi.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Mama alisema, akacheka kwa upande mmoja wa mdomo.

Alipasuliwa Dar es Salaam. Tuliporudi nilimweleza jirani yote. Alilia, akajifuta kwa kanga, na kesho yake akaja uani akasalimia kwa niaba ya wawili: "Mwakeye! Umeamkaje? Nimeamka. Watoto? Wazima. Wagonjwa? Wanaendelea." Makofi yake, makofi ya Mama, yote alipiga yeye. Mama alijishika kidevu kwa mkono akaitikia kwa kichwa.

Damu ilipimwa tena na tena. Kiwango cha kingamwili kikashuka, kikazidi kushuka, nami nikashangilia kama mjinga.

"Dada, kikipanda kinatushtua," daktari alinionya, "lakini kushuka kwake si ahadi. Mtazame mama mwenyewe."

Nilimtazama. Ugali wa muhogo ulimshinda kutafuna, hata ukilowekwa kwenye mchuzi wa samaki wetu mgebuka. Kisha kikombe kikawa kizito. Siku picha ilipoonyesha uvimbe umerudi, safari hii kwenye utando wa pafu, majibu ya damu yalikuwa mazuri. Nilikichukia kipimo kile, na bado nakichukia, ingawa najua hakikusema uongo. Nilitaka kiniachie mama, nacho hakikuwa na uwezo huo.

Alikufa mchana, kifua kimekosa nguvu ya kuvuta pumzi.

Asubuhi baada ya kuanua matanga nilikuwa nafagia uani. Jirani akapita na ndoo yake, akaitua, akaanza kama alivyozoea.

"Mwakeye! Umeamkaje? Nimeamka. Watoto? Wazima. Wagonjwa?"

Mikono yake ikabaki hewani. Akanigeukia, akauliza tena polepole, safari hii akisubiri nimjibu mimi.

"Wagonjwa?"

"Hatuna," nikasema.