Kwaya Yetu Ilipokwenda Kukurupusha Ndege

Mpaka leo, mtu akitaja msitu baada ya ibada, mimi huinuka kutafuta vikombe vya kuosha, kwa sababu najua mmoja atacheka, ataniangalia, na kisa kitasimuliwa upya na mtu ambaye hata hakuwepo. Basi afadhali nisimulie mwenyewe, angalau niaibike kwa maneno yangu.

Ilikuwa vuli ya 2006, huku ughaibuni. Kaka yangu mkubwa Bahati (yaya wangu, kama tusemavyo kwetu) alikuwa akichambua taka kiwandani Tyseley, na vumbi la kule lilikuwa limemkaa kifuani, hata akirudi nyumbani kwetu Kingstanding tulimsikia kwenye ngazi kabla hatujamwona. Daktari akamwambia atafute kazi yenye hewa safi (kana kwamba kazi hizo zinauzwa sokoni pamoja na ndizi). Lakini akaipata kweli. Mzungu mmoja, Graham, mtunza ndege kwenye shamba kubwa nje ya mji, alitaka msaidizi wa kuandaa msimu wa kuwinda, akasema siku ya kwanza ya bunduki ikienda vizuri, mwenye shamba atamwajiri Bahati kabisa, na kibanda cha mbao cha msituni, alichopewa kulala kwa muda, kitakuwa chake. Mimi sikuwa na kazi, nikamfuata nimpikie na kumsaidia.

Sitasema kibanda kilikuwa kizuri. Kilinuka unyevu na moshi, paa lilidondosha maji juu ya kitanda changu, na nje majani yalianguka mchana kutwa, ya rangi ya kutu na ya chai, huku ukungu ukikaa kati ya miti hadi adhuhuri kama mgeni asiyejua kuaga. Lakini Bahati alilala. Hakukohoa. Nilikuwa nalala nikisikiliza ule ukimya wa kifua chake, nikiomba siku hiyo ya bunduki ifike na ipite salama.

Tulipasua kuni, tukafyeka njia, tukabeba magunia ya ngano. Kulisha ndege kukawa kazi yangu. Ni ndege wa ukubwa wa kuku, mkia mrefu, shingo ya kijani inayong'aa (Bahati aliwaita kuku wa bazungu), wanafugwa wakiwa vifaranga kisha wanaachiwa msituni, na ili wasihamie kwa jirani huitwa kila asubuhi kwa mluzi, wanamwagiwa ngano. Sasa mimi mluzi sipigi. Mama alitulea Bukavu akisema mwanamke anayepiga mluzi anaita balaa nyumbani, na hata mama akiwa kaburini midomo yangu inakataa. Kwa hiyo niliimba. Nilichukua wimbo mmoja wa kwaya yetu, ule wa kupeleka sadaka, nikauimba kila asubuhi nikitupa ngano, na baada ya muda walikuwa wananisubiri. Graham sikumwambia. Niliona ni jambo dogo.

Siku ilipokaribia, Graham akakosa watu wa kukurupusha, yaani wale wanaotembea msituni kwa mstari wakigonga miti kwa fimbo ili ndege waruke juu kuelekea kwenye bunduki. Bahati, kwa hamu ya kuonekana mtu wa maana, akasema watu anao. Akaleta nusu ya kwaya kwa basi dogo la kanisa, Mama Neema mbele yao amevaa viatu vyeupe.

Chini bondeni wageni waliokuja kuwinda walisimama na bunduki zao, mwenye shamba katikati. Sisi tukaingia msituni kutoka juu, Bahati akishika mwisho wa mstari, kulia. Mvua ilikuwa nyembamba na baridi, watu waliteleza, wakaanza kunung'unika, viatu vyeupe vikawa vya udongo, na Mama Neema akanigeukia.

“Furaha, anzisha kitu. Tunatembea kama tunaenda kuzika.”

Nikaanzisha. Asubuhi ile, msituni mle, kinywa changu kilikuwa na wimbo mmoja tu. Sauti ya pili ikaingia, ya tatu ikaingia, na kutoka kulia kabisa ikaja besi, nzito, ndefu, na lazima niseme ukweli, ilikuwa nzuri, miti yenyewe ilionekana kuinama. Kisha majani yakaanza kutikisika mbele yetu.

Hakuruka ndege hata mmoja. Walikuja mbio kwa miguu, wameinamisha shingo, kutoka kila kichaka, wakapita katikati ya fimbo, wakajazana miguuni petu wakidonoa kamba za viatu. Mama Neema alidhani ni mapepo, akapandisha sauti, na sauti hiyo ikawaleta waliobaki. Bondeni wageni walikuwa wakiangalia anga tupu.

Graham alipanda kilima akihema, uso umeiva. Nyuma yake mwenye shamba, na nyuma ya mwenye shamba wageni, wengine wakicheka, mmoja akipiga picha. Graham akauliza nani kawafundisha ndege hivi. Nikasema ni mimi, nikarudia, lakini alimwangalia Bahati tu, kwa sababu watu walikuwa wa Bahati na mimi nilikuwa wa Bahati. Tukaambiwa tukasubiri kwenye basi. Wakaletwa mbwa wa kuwarusha ndege, na kwenye lile basi lenye vioo vya ukungu tukasikiliza bunduki hadi zilipochoka. Ndege wale niliwajua mmoja mmoja.

Kibanda alipewa mtu mwingine. Bahati akarudi Tyseley, na kabla ya Krismasi tukaanza kumsikia tena kwenye ngazi. Jioni moja, nikimpa chai ya tangawizi, nikamuuliza kama alijua kwamba ndege wanaufuata ule wimbo.

“Nilikuwa nakusikia kila asubuhi, ndogo yangu. Nilijua.”

“Sasa mbona hukuninyamazisha, yaya?”

Akasubiri pumzi irudi.

“Tangu nianze taka sikuwa nimeimba besi mpaka mwisho wa ubeti. Siku ile ilitoka tu. Nikataka nimalize.”

Sijaanzisha wimbo tena, na sitaanzisha. Jumapili nasimama mstari wa nyuma, mwingine akianza ndipo nafuata, huku sikio likiwa upande wa wanaume, ambako besi inaingia vizuri, inakwenda kidogo, kisha inakatika.